Ufundi wa Kufuta Mstari Mmoja

Miligramu moja ya peptidi iliyokaushwa haifuniki hata ncha ya kijiko cha chai. Hukaa chini ya kichupa cha plastiki ikiwa doa jeupe tu, na kwa kuwa ni nyepesi na hukamatwa na umeme tuli, mara nyingi hupanda ubavuni, hata anayekifungua kwa mara ya kwanza akadhani kauziwa chombo kitupu. Fundi wa maabara mzoefu hana pupa nacho. Hukitoa kwenye friza, hukiacha mezani mpaka kipate joto la chumba ili unga usije ukanyonya unyevu wa hewa, halafu hukizungusha kidogo kwenye sentrifuji ili kila punje ishuke chini. Hapo ndipo hukifungua.

Unga huo umetengenezwa ili kitu kisionekane. Karibu kila kitu kingine maabarani hutafuta kinyume chake: rangi huongezwa ili seli ionekane, hadubini hukuza, kamera hukusanya mwanga hafifu kwa dakika nzima. Peptidi kizuizi, yaani kipande kifupi cha protini kilichotungwa ili kuizuia kingamwili, ikifanya kazi yake barabara, mahali palipokuwa na mstari mweusi hubaki peupe. Nimetazama picha nyingi za namna hiyo, zimepangwa mbili mbili, na hazijanichosha. Weupe ule hauji bure.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza kumkamata mgeni. Ina umbo la herufi Y, na kwenye ncha zake mbili za juu kuna sehemu ya kushikia, inayolingana na kipande kidogo tu cha kile inachokikamata, mara nyingi asidi amino (vijenzi vya protini) chache kati ya mamia. Watafiti wameifanya chombo chao cha kila siku. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika kwenye zahanati zetu kinaitegemea: ule mstari wa majibu hutokea pale kingamwili zilizobandikwa kwenye ukanda zinapokamata HRP2, protini ya kimelea Plasmodium falciparum. Maabara za utafiti nazo zina njia yao. Mwaka 1979 Harry Towbin na wenzake wawili huko Basel, Uswisi, walieleza jinsi ya kuzihamisha protini kwa umeme, zikiwa zimekwisha kutenganishwa kwa ukubwa ndani ya jeli, zikaenda kukaa kwenye utando mwembamba. Utando huo ukiogeshwa kwenye kingamwili, mstari hutokea pale inaposhika.

Shida ni kwamba mstari hauji na jina lake. Mtu aliyeitafuta protini fulani kwa miezi, akauona mstari mahali alipoutarajia au karibu napo, moyo wake humwambia upesi kwamba ndio wenyewe. Lakini ndani ya seli moja mna maelfu ya protini, na baadhi zinafanana vipande. Tena kuna kingamwili zinazong'ang'ania utando wenyewe, au zinazokamatwa kwa mguu wa ile Y, sehemu isiyohusika na kutambua chochote. Hapo mtafiti mwaminifu hana budi kuuliza: je, mstari huu umetokea kwa sababu kingamwili imekitambua kile kipande ilichotengenezwa kukitambua, au imeshika kwa njia nyingine? Peptidi kizuizi hujibu swali hilo moja. Ni swali jembamba sana, na jibu lake huwa safi pale tu kila hatua ya kuiandaa imefanywa kwa usahihi.

Kazi huanzia kwenye karatasi. Tuseme protini inayotafutwa ina asidi amino 400. Mbunifu hutafuta kipande chenye asidi amino kati ya 10 na 20 ambacho kitasimama badala ya protini nzima. Kiwe upande wa nje, maana kilichokunjwa ndani hakifikiki. Kipende maji, la sivyo hakitayeyuka. Kisifanane na kipande cha protini nyingine ya kiumbe yuleyule, na hilo huhakikiwa kwa kukilinganisha na hazina za mifuatano ya protini iliyokwisha kusomwa. Mikia ya protini hupendwa kwa sababu mara nyingi huning'inia huru. Kompyuta husaidia, ila bado unabaki uamuzi wa mtu: kipande kimoja hakina kinachofanana nacho popote, lakini kina methionini, ambayo hushika oksijeni ikikaa, kingine kinayeyuka vizuri, lakini asidi amino nane kati ya kumi na tano ni zilezile za protini ya ukoo mmoja na hii. Mzoefu hujua kasoro ipi inavumilika.

Kipande kikishachaguliwa, ncha yake moja huongezwa sisteini, yenye salfa ya kushikizia. Peptidi peke yake ni ndogo mno kuushtua mwili wa sungura, kwa hiyo hushikizwa kwenye protini kubwa, na inayotumika sana hutoka kwenye damu ya buluu ya Megathura crenulata, konokono wa baharini wa pwani ya California. Sungura hudungwa mchanganyiko huo mara kadhaa, kwa majuma kadhaa, kisha damu yake huchukuliwa na kingamwili hutafutwa humo. Hapa kuna jambo ambalo mimi hulihesabu kuwa alama ya kazi iliyofikiriwa: peptidi itakayotumika kuzuia ni ileile iliyodungwa sungura, lakini bila ya konokono. Sungura hakutengeneza kingamwili za peptidi tu; ametengeneza nyingi za kumkabili konokono pia. Ukizuia kwa mchanganyiko mzima na mstari ukafutika, hutajua ni zipi zilizozuiwa.

Kuitunga peptidi yenyewe ndiko ninakopenda kukaa muda mrefu. Kila asidi amino ina upande wa amini na upande wa asidi, na upande mmoja wa hii huungana na upande wa pili wa ile. Ukizichanganya tu kwenye chupa zitaungana ovyo. Ndiyo maana tangu enzi za Emil Fischer, mwanzoni mwa karne ya 20, wanakemia walijifunza kuufunika upande mmoja, kuunganisha, kufunua, na kuanza tena. Kilichowatesa ni usafishaji. Baada ya kila kiungo ilibidi kilichopatikana kitenganishwe na masalia, na kila kikisafishwa kilipungua. Vincent du Vigneaud alipotangaza mwaka 1953 kwamba ametengeneza oksitosini, homoni yenye asidi amino tisa tu, ilikuwa kazi ya kustahili Tuzo ya Nobel, naye aliipata mwaka 1955.

Bruce Merrifield wa Taasisi ya Rockefeller, New York, aliandika wazo lake kwenye daftari la maabara Mei 1959. Asidi amino ya kwanza ifungwe kwenye punje ya plastiki isiyoyeyuka. Kila kitakachoongezwa baadaye kitabaki kimeshikamana na punje, na masalia yote yataondoka kwa kusuuza na kuchuja. Wazo lenyewe unaweza kulieleza kwa pumzi moja, lakini kulitekeleza kulikula miaka. Ni plastiki ipi? Kifuniko kipi? Na kile kishikizo kati ya punje na mnyororo, kivumilie vipi hatua zote halafu kikubali kukatika siku ya mwisho? Makala yake ya mwaka 1963, aliyoiandika peke yake, ilionyesha mnyororo wa asidi amino nne: lusini, alanini, glisini, valini. Nne tu, baada ya muda wote huo, na kemia ya protini ikabadilika moja kwa moja. Miaka miwili baadaye yeye na John Stewart walikuwa na mashine ya kuzirudia hatua hizo yenyewe, waliyoijenga kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Merrifield. Nobel ilimfikia mwaka 1984.

Mnyororo hujengwa kuanzia mwisho wake kurudi mwanzo, kinyume na jinsi seli inavyoujenga. Siku hizi kifuniko kinachotumika sana ni Fmoc, kilichobuniwa na Louis Carpino mwaka 1970. Huvuliwa kwa piperidini ya asilimia 20, punje zikasuuzwa, asidi amino inayofuata ikaongezwa kwa wingi kuliko inavyohitajika, ikapewa muda iungane, punje zikasuuzwa tena. Kwa peptidi ya asidi amino 15 mzunguko huo hurudiwa mara 14 baada ya ile ya kwanza kufungwa, na hesabu yake haina huruma. Kila mzunguko ukifanikiwa kwa asilimia 99, minyororo iliyokamilika mwishoni ni kama asilimia 87 ya yote. Ukifanikiwa kwa asilimia 95, kiwango ambacho kwa kazi nyingine kingesifiwa, iliyokamilika haifiki nusu.

Kwa hiyo fundi haendi mbele kabla ya kujua alipo. Huchukua punje chache, huzitia ninhidrini, huzipasha moto dakika chache, akazitazama. Zikigeuka buluu, kuna ncha zilizobaki wazi, arudie kuunganisha. Zikibaki na unjano, aendelee. Kipimo hicho kilielezwa mwaka 1970 na Kaiser na wenzake, nacho hakihitaji mashine wala umeme mwingi, kinahitaji jicho. Prolini ina ukaidi wake: ncha yake haitoi buluu ile, na asiyeijua ataona punje hazina buluu akadhani kiungo kimekamilika, kumbe bado.

Mnyororo ukitimia hukatwa kwenye punje kwa asidi ya trifloroasetiki, ikiwa imechanganywa na kemikali za kudaka vipande vya vifuniko visije vikajibandika mahali pengine. Kioevu humwagwa kwenye etha baridi na peptidi hutengana humo ikawa mashapo meupe. Kisha husafishwa kwa kromatografia, na uzito wake hupimwa kwa spektromita ya masi. Napenda sana hatua hii, kwa kuwa uzito unaotarajiwa umekwisha kukokotolewa kabla hata ya punje ya kwanza kulowanishwa, na mashine husema kama kilichotungwa ndicho kilichokusudiwa. Uzito ukizidi kwa 16, huenda methionini imeshika oksijeni. Ukipungua kwa 57, glisini moja imerukwa. Peptidi zilizopita mitihani hiyo hugandishwa, maji yakavutwa kutoka kwenye barafu, ukabaki ule unga.

Ufundi huu uliwahi kufika Kilombero, kusini mwa Tanzania. Chanjo ya malaria ya SPf66, ya Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilikuwa ya peptidi zilizotungwa maabarani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijaribiwa huko kwa watoto wa kijiji cha Idete. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yaliipa uwezo wa kukinga wa asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuyathibitisha, na chanjo ikaachwa. Kuitunga peptidi barabara hakukutosha kuifanya kinga.

Turudi kwenye peptidi kizuizi na kingamwili yake. Jaribio la kuzuia lina mirija miwili yenye kingamwili kiasi kilekile. Wa kwanza huongezwa peptidi. Wa pili huongezwa kioevu kilichotumika kuyeyushia peptidi, bila ya peptidi. Yote miwili huachwa nusu saa kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4, ikitikiswa polepole. Yanayotokea ndani ya mrija wa kwanza hayaonekani: kila ncha ya kingamwili inakutana na kipande inachokijua na kukishika. Ikifika kwenye utando iko katika hali ya mtu aliyeingia sokoni vikapu vimejaa mikono yote miwili. Bidhaa anaiona, lakini hana mkono wa kuichukulia.

Vipimo vyake vinapotosha ukivitazama juujuu. Mikrogramu moja ya kingamwili huwekewa, kwa mfano, mikrogramu tano za peptidi, na mtu ataona hiyo ni mara tano tu. Lakini kingamwili moja ina uzito wa dalton kama 150,000, na peptidi ya asidi amino 15 ina kama 1,650. Ukihesabu molekuli, kila ncha ya kushikia inazungukwa na peptidi zaidi ya 200. Wingi huo una sababu: molekuli hushika na kuachia, hushika na kuachia, na kila ncha inapoachia ni lazima ikutane tena na peptidi kabla haijakutana na utando.

Baada ya hapo yote ni nidhamu. Tando zitoke kwenye jeli moja, zibebe sampuli ileile, zikae kwenye kingamwili dakika sawa, zisuuzwe sawa, zipigwe picha kwa muda ule ule. Ukiupa utando mmoja muda mrefu zaidi mbele ya kamera, hujapima kitu. Nawaheshimu mno wanaoongeza utando wa tatu, wenye peptidi iliyovurugwa: asidi amino zilezile, idadi ileile, uzito ule ule, ila mpangilio umechanganywa. Ikiwa peptidi sahihi inaufuta mstari na ile iliyovurugwa inauacha, kilichoufuta ni mpangilio, wala huwezi tena kusema ni chumvi au asidi iliyobaki kwenye unga. Na picha nzuri kuliko zote, kwa macho yangu, si ile ambayo kila kitu kimefutika. Ni ile ambayo mstari mmoja umetoweka na wa jirani yake umebaki na weusi wake wote, kwa kuwa huo uliobaki unashuhudia kwamba utando uliogeshwa sawasawa, kemikali zilikuwa hai, na kilichokosekana kimekosekana kwa sababu moja. Huo uliobaki wenyewe una la kusema: haukutokea kwa kingamwili kukitambua kile kipande, basi mtafiti asiuhesabu.

Wembamba wa swali una gharama, na sisi tunaoipenda kazi hii tunapaswa kuitaja waziwazi. Peptidi huonyesha kwamba kingamwili imeshika kwa ncha zake. Haionyeshi kwamba ilichokishika ndiyo protini unayoitafuta. Protini nyingine kabisa ikiwa na kipande kinachofanana, mstari wake nao utafutika vizuri tu. Jambo ni zito zaidi pale kingamwili inapokuwa imesafishwa kwa kupitishwa kwenye safu iliyobandikwa peptidi hiyohiyo, kwa maana kila kilichobaki kimechaguliwa kwa uwezo wa kuishika, na kufutika kwa mstari hakutamshangaza mtu. Clifford Saper na Paul Sawchenko waliwatahadharisha wenzao mwaka 2003 kwenye Journal of Comparative Neurology wasiitegemee peptidi kwa ushahidi isioweza kuutoa. Mwaka 2012 watafiti walizichukua kingamwili sita zinazouzwa kwa ajili ya AT1, kipokezi cha angiotensini chenye kazi kubwa katika shinikizo la damu, wakazijaribu pia kwa panya walioondolewa jeni ya kipokezi hicho. Mistari ilitokea vilevile. Kosa la aina hiyo peptidi haiwezi kulifichua peke yake. Mathias Uhlén na wenzake walipopendekeza nguzo tano za kuhakiki kingamwili mwaka 2016, peptidi kizuizi haikuwa mojawapo, na nadhani walifanya vyema.

Sioni kwamba hilo limeishusha. Limeipa kazi inayoifaa, na kuna mahali ambapo swali lake jembamba ndilo hasa linalohitajika.

Histoni H3 ni mojawapo ya protini ambazo DNA huzizungukia ndani ya kiini cha seli, na mkia wake hubebeshwa alama ndogo za kikemia. Laisini ya 9 ikiwekewa methili tatu, ni alama ya maeneo ya DNA yaliyofungwa kwa kudumu. Laisini ya 27 ikiwekewa methili tatu, ni alama ya jeni zilizonyamazishwa na kundi jingine la protini, Polycomb. Kwa mwanabiolojia hizo ni habari mbili mbali kabisa. Kwa kingamwili ni mtihani mgumu, maana majirani wa karibu wa laisini zote mbili wamepangwa sawasawa: alanini, arginini, laisini, serini. Ili izitofautishe lazima ipapase mbali zaidi, ikute threonini pande zote mbili za mpangilio huo kwenye 9, na alanini pande zote mbili kwenye 27. Tena kuna laisini yenye methili moja, yenye mbili, na isiyo na yoyote, na kila methili huongeza dalton 14 tu. Wala huwezi kuiondoa jeni yake kama ilivyoondolewa ile ya AT1, kwa sababu jeni za histoni ni nakala nyingi na seli haiishi bila histoni.

Kwa hiyo mtunga peptidi hutengeneza ukoo mzima: mkia ule ule, asidi amino zilezile, na mahali pa 9 huingizwa laisini ambayo tayari ina methili zake, moja, mbili, au tatu. Hutengeneza pia ule wa 27. Kila mmoja huwekwa kwenye mrija wake pamoja na kingamwili, halafu tando huogeshwa sambamba. Hili si jambo la kujipa kazi bure. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 wa kingamwili zaidi ya 200 za alama za histoni ulikuta zaidi ya robo hazikufaulu vipimo vya umahususi. Kingamwili ya 9 yenye methili tatu ikizuiwa na peptidi yake, ikabaki na nguvu zote mbele ya ile ya methili mbili na mbele ya ile ya 27, mtafiti anaweza kuanza jaribio la miezi akijua anachokisoma. Ikizuiwa na ya 27 pia, huandika hivyo kwenye daftari la maabara, pamoja na namba ya toleo la kingamwili, ili atakayeitoa kwenye friza baada yake asiitumie kwa kazi isiyoiweza.